Kwa Pembeni ya Jicho

Mwanjelwa, Mbeya
9 Februari 2025

Wifi yangu Severina,

Kamwene. Huku hatujambo. Mvua inanyesha kila siku na soko limekuwa tope tupu, lakini vitenge vinauzika. Natumaini mahindi yako yamesimama.

Nakuandikia kwa mkono kwa sababu meseji zangu nne hujazijibu, na ukipokea simu unasema "vizuri, vizuri," halafu unaanza kusalimia upya. Barua hii nimempa kondakta wa basi pamoja na kitenge cha kahawia. Akifika Ipogolo, hapo Iringa, atampigia jirani yako Joyness aje kuvichukua.

Misa ya mwaka wa kaka Mathew itakuwa Jumamosi, tarehe 16 Agosti. Siku hiyo kaburi litabarikiwa na wasifu wake utasomwa tena, kama tulivyokubaliana wakati wa matanga. Ukoo unauliza nani atausoma.

Sasa naandika yaliyo moyoni, unisamehe. Siku ya mazishi ulipewa ile karatasi ya wasifu. Niliiandika mimi mwenyewe, nimekaa mkekani. Wewe ni msomaji wa kanisa miaka ishirini na miwili. Uliishika, ukaitazama, ukanyamaza. Watu wakasema uchungu umemkaba. Mdogo wetu Kasian akaichukua mkononi mwako akaisoma mbio kama tangazo la mnada, akaruka mstari mzima, na Ezekiel alikuwa kwenye mstari huo. Mtoto wenu pekee, aliyeishi miaka minne, hakutajwa kwenye mazishi ya baba yake. Wewe uliyemzaa hukusema neno.

Na nilipokuja kukukumbatia hukuniangalia usoni. Uliniangalia begani, kama mtu anayetafuta nyuma yangu nani anakuja aliye bora kuliko mimi. Nimelibeba hilo miezi sita. Kama nimekukosea, sema. Kama umechoka na ukoo wetu kwa kuwa kaka hayupo, sema pia.

Msalimie Joyness.

Wifi yako,
Violet

*

Tosamaganga, Iringa
23 Februari 2025

Violet wifi yangu,

Kamwene. Kitenge kimefika na barua imefika. Nimefurahi sana kusikia habari zako za soko. Kahawia ni rangi ambayo Mathew alipenda kuiita rangi ya mkate. Nitakishona baada ya Pasaka.

Mahindi yamesimama ila upande wa bondeni maji yamekaa. Kuku mmoja ameatamia mayai kumi na moja kwenye sanduku la randa za useremala za Mathew, nimemwacha.

Tarehe 16 Agosti ni nzuri. Kuhusu wasifu, mwacheni Kasian asome. Sauti yake ni nzuri.

Asante kwa upendo wako. Barua yako imenifariji.

Severina

*

Mwanjelwa, Mbeya
11 Mei 2025

Wifi Severina,

Barua yako nimeisoma mara tatu hapa dukani hadi wateja wakaniuliza kama nimefiwa tena. Nimekaa nayo muda wote huu nikitafuta la kusema.

Nilikuuliza mambo mazito, ukanijibu kuku! Nilikuambia umeniumiza, ukasema nimekufariji. Hivi ulisoma barua yangu au ulisoma ya mtu mwingine? "Sauti yake ni nzuri." Hata dalali wa mnadani ana sauti nzuri. Na mwandiko wako, wewe uliyekuwa unaandika kama kitabu, sasa mistari inapandiana kama mbuzi. Nikasema huyu ameandika akili iko kwingine.

Halafu kuna hili. Lusekelo, anayeuza viatu kibanda cha pili kutoka kwangu, anakufahamu tangu msibani. Amekuona Mbalizi mara mbili, mwezi wa nne na juzi. Amekupungia mkono hatua tatu mbele yako, ukampita kama mti. "Wifi yako ana maringo ya ujane," ananiambia, na mimi nikacheka ili nisilie. Umefika Mbeya mara mbili bila kukanyaga kwangu?

Basi. Nimemwambia Kasian aanze kujizoeza. Nimemwambia akiruka mstari tena nitamvua koti mbele ya padri. Lakini ujue watakachosema watu: mke alikuwepo, mzima, msomaji, na mara mbili hakuwa na neno la kumsemea mume wake.

Violet

*

Tosamaganga, Iringa
15 Juni 2025

Violet wifi yangu,

Barua hii nimeiandika siku tano. Zako mbili nimezisoma mwenyewe. Ya kwanza ilinichukua siku tisa. Ngoja nikuambie kwa nini hilo ni jambo kubwa kwangu.

Sioni katikati. Ni mwaka wa tatu sasa. Nikimtazama mtu, uso wake unafutika kama picha iliyopitishiwa kidole chenye mafuta, vinabaki kilemba na mabega. Nikilitazama neno, linaondoka, yanabaki ya jirani yake. Pembeni naona. Naona kuku akipita, naona mlango, nalima na ninatembea, ndiyo maana hakuna aliyejua.

Kanisani sikuwa nasoma. Masomo ya Jumapili yanazunguka miaka mitatu, A, B na C, kisha yanaanza upya. Kwa miaka ishirini na miwili yamenikaa yote kichwani. Nilikuwa nafungua kitabu, nageuza ukurasa panapostahili, nakariri. Watu walisema Mama Ezekiel anasoma kama anaongea nasi. Ni kweli nilikuwa naongea tu.

Wasifu wa Mathew haukuwa kichwani. Ulikuwa mwandiko wako mdogo mzuri. Niliutazama, ukafutika. Waliposema ni uchungu, niliwaacha. Uchungu ulikuwepo, Violet, lakini siyo ulionifunga mdomo. Kasian aliporuka Ezekiel nilisikia. Nilitaka kusema, nikaogopa ataniambia, "Basi soma wewe."

Nikakamatwa Jumapili ya nne ya Kwaresima. Nilisimama nikakariri somo lote kwa sauti yangu ya siku zote, hadi mwisho, bila kukosea hata nukta. Lilikuwa somo la mwaka B. Mwaka huu ni C. Mwaka wa kanisa uligeuka Desemba, na tangu Mathew aondoke sihesabu vizuri. Kwaya waliangaliana, padri akainamisha kichwa. Baada ya misa mzee Zabron, katekista wetu, akanifuata kwenye sakristia.

"Mama Ezekiel, umesoma kitabu gani leo?"

"Sijasoma kitabu chochote, mzee. Sioni."

Hakunigombeza. Alikaa kwenye benchi, akavua kofia, akasema, "Kumbe wewe ndiye kitabu chenyewe." Halafu ndiye aliyeniulizia kliniki ya macho huko kwenu Mbalizi. Lusekelo alinikuta nikitoka huko. Mwambie simringii. Aliponipungia niliona mkono usio na uso. Kwako sikuja kwa aibu. Nilijua ukinipa chai utaniuliza.

Kliniki yuko Bwana Rabson, mtaalamu wa uoni hafifu. Aliniambia bila kuzunguka kuwa sehemu ya katikati, nyuma ndani ya jicho, imechakaa na haitarudi, na miwani haitaijenga. Nikainuka nichukue mkoba wangu.

"Kaa, mama," akasema. "Ulichobakiwa nacho bado hujakitumia."

Alichora saa kubwa ukutani, katikati akaweka nyota. Akasema niikazie macho nyota hata kama siioni, nimwambie namba ipi ya saa inaonekana vizuri kuliko zote. Ilikuwa moja, ile ya juu kidogo kulia. Akasema hapo ndipo jicho langu jipya lilipo. Nikitaka kuona kitu, nitazame chini yake kidogo upande wa kushoto, nacho kitaingia pale penye uzima.

Ni rahisi kusema. Jicho lina tabia yake. Kila likihisi neno linaruka ili kuliweka katikati, na katikati ni shimo.

"Usiifukuze herufi," ananiambia. "Lifundishe jicho kukaa."

"Nitalifundishaje? Si mbwa."

"Mbwa ni rahisi zaidi, mama."

Basi najizoeza kila asubuhi dirishani. Nimekata tundu kwenye karatasi nyeusi, linaonyesha maneno mawili tu. Jicho nalituliza chini ya mstari, na karatasi yenye maandishi ndiyo ninayoisogeza kushoto, polepole, maneno yaje yenyewe. Siku za kwanza kichwa kiliniuma hadi nikatapika. Siku ya kumi na mbili nilisoma "sukari" kwenye pakiti, nikakaa chini nikacheka peke yangu.

Barua ya kwanza kuichukua ilikuwa yako. Nilidhani naijua, kwa sababu Joyness alishanisomea. Nikafika mahali pa wasifu nikakuta maneno ambayo sijawahi kuyasikia. Ezekiel. Begani. Nikasema jicho linanidanganya. Nikarudia siku ya pili na ya tatu. Yakawa yaleyale.

Nikamwita Joyness. "Huu mstari wa begani mbona hukunisomea?"

Akasema, "Ulikuwa mfiwa, dada. Nikaona nikuchujie."

Sikumkasirikia. Lakini ujue ndiyo maana nilikujibu kuku.

Sasa nakujibu. Hukunikosea. Ukoo wenu ndio wangu. Na begani nilipokuangalia ndipo nilipokuona. Ulivaa kanga ya zambarau, jicho lako la kushoto lilikuwa limevimba kuliko la kulia, na ulikuwa na kipande cha jani kwenye nywele. Wengine wote siku ile sikuwaona nyuso. Wewe nilikuona.

Nataka niusome mimi wasifu, tarehe 16 Agosti, na Ezekiel awemo. Imebaki miezi miwili. Bwana Rabson anasema nipate barua zenye maandishi makubwa meusi na mambo nisiyoweza kubuni, kwa sababu kichwa changu ni mwongo, kinamalizia maneno kabla jicho halijafika. Utaniandikia?

Severina

*

Mwanjelwa, Mbeya
22 Juni 2025

Wifi yangu mpenzi,

Karatasi hizi sita za manila ni barua moja, usiogope. Nimeandika kwa maka peni nyeusi, herufi kubwa kama kidole gumba. Lusekelo amenishikilia rula. Amesema samahani mara kumi, nikamwambia aache, ashike rula.

Nisamehe, wifi. Nilikaa na bega langu miezi yote hiyo, kumbe ndilo lililokuwa bahati yangu.

Joyness nitampasha nikifika.

Nimemsomea Kasian barua yako kwenye simu. Akasema, "Dada, akisimama mara ya pili akashindwa, hatasimama tena maisha yake yote. Mimi nitaandaa karatasi yangu mfukoni." Nikamwambia akae nayo hukohuko mfukoni.

Haya, mazoezi. Hutaweza kubuni haya:

MATHEW ALIKUWA KIPA WA TIMU YA MISHENI. SIKU MOJA ALIFUNGWA MABAO TISA. ALISEMA JUA LILIMPIGA MACHONI. MECHI ILICHEZWA KWENYE MVUA.

Tarehe nane mwezi ujao ukija kliniki unalala kwangu. Siyo ombi.

Violet

*

Tosamaganga, Iringa
13 Julai 2025

Violet wifi yangu,

Nimefika salama. Asante kwa kunilaza, asante kwa ndizi, na asante kwa kunisindikiza hadi kliniki na kugombana na yule aliyetaka kupita mbele ya foleni.

Mathew wa mabao tisa nilimsoma kwa siku mbili. Mara ya kwanza nilisoma kuwa alifunga. Kichwa changu hakikutaka afungwe. Nikarudi, nikatuliza jicho, nikaona amefungwa. Nilicheka sana. Uliona mwenyewe Bwana Rabson akinihesabia kwa saa: maneno kumi na moja kwa dakika. Mwezi wa tano yalikuwa matano.

Lakini kuna jambo nilishindwa kukuambia nyumbani kwako. Kabla ya kuja huko nilijaribu kusoma kwenye jumuiya yetu ndogo. Ilikuwa aya fupi ya Injili. Nilikwenda vizuri maneno kama ishirini. Kisha jicho likaruka, nikapoteza mstari, nikasoma uleule mara mbili. Mama mmoja akanimalizia kwa sauti ya upole, na wote wakaitikia wakaendelea na sala. Hawakunicheka. Walinihurumia, na hiyo ilinikata zaidi. Nilirudi nyumbani nikaweka ile karatasi yangu ya tundu chini ya godoro. Ilikaa huko siku nne.

Nimewaza hivi. Waliweza kunimalizia kwa sababu wanaijua Injili. Mimi mwenyewe naijua, na nusu ya yale maneno ishirini sikuyasoma, niliyakumbuka. Miaka miwili niliwadanganya kanisani kwa kukariri. Kwa Mathew sitaki. Ukinitumia wasifu sasa nitauweka kichwani, nitake nisitake, na siku hiyo nitakuwa naongea tu.

Kwa hiyo uandike wewe na Kasian. Msinionyeshe. Mje nao tarehe 16, mnipe palepale kaburini. Yatakayokuwa mle yawe mageni kwangu na kwa kila mtu, pasiwe na wa kunimalizia. Nikishindwa, Kasian atoe yake mfukoni, nami sitamlaumu.

Najua ninachoomba. Mikono inatetemeka nikiandika.

Severina

*

Mwanjelwa, Mbeya
3 Agosti 2025

Wifi,

NIMEANDIKA FUPI UISOME HARAKA.

Kasian alisema umerukwa na akili. Kesho yake akapanda basi akaja hapa, tukaandika pamoja siku mbili. Wasifu uko tayari. Maneno mia moja arobaini na nne, nimeyahesabu. Sikuambii hata moja. Yeye kalia, mimi nimelia, Lusekelo alikuja kuomba chenji akaondoka bila kuuliza.

Nimempigia mzee Zabron. Kaburini tutasoma saa tatu asubuhi, jua likiwa nyuma yako lipige karatasi, siyo macho. Kwaya watatoa stendi yao ya nota ili mikono yako yote ibaki huru kusogeza. Kasian ametangaza kwenye ukoo kuwa atakayefungua mdomo kumsaidia msomaji atatoka naye nje ya uzio.

Ulisema mikono inatetemeka. Na itetemeke. Wewe tuliza jicho.

Violet

*

Mwanjelwa, Mbeya
20 Agosti 2025

Severina wifi yangu,

Jumamosi ulizungukwa na watu hata sikupata nafasi, halafu basi likatuita. Nakuandikia uliyoshindwa kuyaona ukiwa pale mbele, kwa sababu macho yako yalikuwa kazini.

Ulipoiweka karatasi kwenye stendi na kuitazama chini yake, kushoto, ukanyamaza, nilisikia nyuma yangu mama mmoja akinong'ona, "Yaleyale ya mwaka jana, maskini." Nikageuka nikamtazama mpaka akajifunika kanga mdomoni. Nilihesabu pumzi tisa zako. Kisha ukasema, "Mathew." Baadaye, "Kalinga." Baadaye, "alizaliwa."

Mwanzoni watu walidhani unalia katikati ya maneno. Wakainamisha vichwa. Walipoona hulii, wakainua vichwa. Walipoelewa unasoma, kweli unasoma, hakuna aliyekohoa. Watu walianza kukuegemea, Severina. Kila neno wakilingoja, hawajui litakuwa lipi. Pale uliposema "alimpata mtoto" ukasimama, nikaona kwaya nzima imeshika pumzi, na uliposema "Ezekiel" mama yule wa kanga akasema "Amina" kwa nguvu kana kwamba yuko misani. Kasian hakumtoa nje. Alikuwa hana uwezo, alikuwa ameshika uzio kwa mikono miwili.

Kwenye mabao tisa watu walicheka kaburini. Padri naye. Hilo nililiweka ili upumzike kidogo.

Halafu ukafika kwenye mstari wa Kasian. Lazima nikuambie ulikotoka. Ulipoomba tuandike, alinieleza jambo alilolificha mwaka mzima. Mwezi mmoja kabla ya kufa, kaka alimwambia, "Shemeji yako haoni. Hataki nijue, kwa hiyo sijui. Siku yangu ikifika, usimwachie karatasi mkononi." Akamweleza pia yale uliyoyasoma kwenye mstari huo. Ndiyo maana Kasian alikupokonya ile karatasi. Alikuwa anatimiza agizo, na aliruka mstari kwa sababu machozi yalimfunga macho yake naye. Mimi nilimwita dalali wa mnada. Nimeshamwomba radhi, akanitoza soda mbili.

Pale ulisimama muda mrefu kuliko pote. Nilimwona Kasian mkono ukielekea mfukoni. Nikamshika. Nikamwambia, "Subiri. Anatuliza jicho." Naye akaniambia, "Najua, dada. Natafuta leso."

Ukaendelea. Ukamaliza. Hakuna aliyepiga makofi kwa kuwa ni makaburini, lakini mzee Zabron alivua kofia kwako, siyo kwa kaburi. Dakika kumi na nne, na hakuna hata mmoja aliyekaa chini.

Violet

*

Tosamaganga, Iringa
27 Agosti 2025

Violet wifi yangu,

Kamwene. Barua yako nimeisoma asubuhi moja, na chai ya kwenye chupa bado ilikuwa ya moto. Kaburini zilikuwa dakika kumi na mbili, siyo kumi na nne. Joyness alishika saa. Usiniongezee.

Na mimi nikuambie usiloweza kuliona ukiwa pale nyuma.

Nilisoma, "Alipojua macho ya mke wake yanafifia, alipaka." Nikasogeza karatasi. Likaja "chokaa". Nikadhani nimekosea, nikarudi nyuma. Chokaa. Kisha "kingo", kisha "za ngazi". Violet, ngazi za mlango wangu wa nyuma zina chokaa kwenye kingo. Mathew aliipaka akiwa tayari anaumwa, ameinama anakohoa, nami nikamgombeza. Aliniambia ni ya kufukuza siafu. Nimepanda na kushuka kwa chokaa ile kila siku na sijawahi kujikwaa, nami nilidhani ni miguu yangu tu inajua njia.

Nikasogeza tena. "Akanunua vikombe vya bluu vya uji." Jicho lilitaka kuruka. Nililishika kwa nguvu zangu zote. Vile vikombe nilivisema sana. Nilimwambia uji ni wa kikombe cheupe, kama watu wote. Akasema dukani vyeupe vimekwisha. Uji mweupe kwenye kikombe cheupe sikuwa nauona, nilikuwa naumwaga, naye alikuwa anaona ninavyoumwaga na kupangusa kimyakimya.

Mwishoni pakaja, "Hakumwambia, kwa kuwa mke hakutaka kuambiwa." Hapo ndipo niliposimama ule muda mrefu. Sikuwa nimepoteza mstari. Nilikuwa nimeupata.

Kama ningeukariri wasifu ule, ningekuwa nimeshauzoea. Ningesema chokaa kama nasema chumvi. Mwambie Kasian namshukuru kwa karatasi aliyonipokonya na kwa ile aliyonipa.

Mzee Zabron amepanga jina langu Jumapili ya tarehe 7 Septemba. Nilimwambia nitasoma polepole sana. Akasema hakuna anayetukimbiza. Bwana Rabson anataka nije mwezi wa kumi kuongea na mzee mmoja wa Usangu, mfugaji, anaitwa Bujiku, ambaye amekataa mazoezi, anasema hayamfai mtu mzima. Nitakuja. Nitamwambia kuhusu sukari.

Mwaka mzima, wifi, nilikuwa najirudia maneno ya Mathew ninayoyajua, nikiyahesabu yasipotee, kwa kuwa nilijua hataniambia tena jipya. Na mbele ya watu wote wale, saa tatu asubuhi, aliniambia jipya. Lilikuja neno moja moja, na nililisoma mwenyewe.

Severina Kalinga,
msomaji